Jero mkononi, muvi nzima

Familia ya watu wanne ikiamua Jumamosi jioni kwenda kwenye sinema za kisasa ndani ya maduka makubwa ya Dar es Salaam, pochi huanza kulia kabla taa hazijazimwa. Tiketi nne, nauli ya kwenda na kurudi, kisha bisi na soda. Na kwenye bisi ndipo penyewe. Pesa ya tiketi mwenye jumba hugawana na msambazaji wa filamu, lakini ya bisi yote ni yake. Ndiyo maana mahindi yaliyopasuka yanauzwa humo kama yametoka ng'ambo kwa ndege. Mtu akikulalamikia kwamba sinema ni ghali, muulize kwanza alikula nini huko ndani.

Wengi basi wamekimbilia kwenye simu, wakiamini huko ndiko kwenye unafuu. Tupige hesabu. Saa moja ya kutazama Netflix katika picha ya kawaida humeza hadi GB 1 ya bando, na ukipandisha hadi HD ni kama GB 3. Filamu ya saa mbili inaweza kula GB 6, na hapo hujalipia huduma yenyewe. Jirani zetu Wakenya walipewa na kampuni hiyo kifurushi cha bure cha simu mwaka 2021, na mwaka 2023 kikaondolewa. Sasa ingia kwenye nyumba yoyote ya mjini saa tatu usiku. Baba yuko sebuleni na mpira wa king'amuzi alichokilipia. Binti yuko chumbani na tamthilia ya Kikorea kwa bando lake. Kijana yuko barazani na sizoni yake, masikio ameyaziba. Nyumba moja, burudani imelipiwa mara tatu, na hakuna aliyecheka na mwenzake. Kwa maoni yangu, burudani yetu ilianza kuwa ghali siku tulipoanza kuitazama mmoja mmoja.

Haikuwa hivyo zamani. Wazee wa Dar watakutajia Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo na Chox bila kufikiri. Wa Unguja watakutajia Majestic, Cine Afrique na Empire yao. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo picha ilikuwa kitu cha kutoka nyumbani na kukifuata, na watu walikifuata kwa makundi. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi: misururu mirefu, walanguzi wa tiketi pembeni, akina mama wamejipamba kama wanakwenda harusini. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957 zilitazamwa na kurudiwa na watu ambao Kihindi hawakukijua hata neno, nao wakatoka wanaimba. Mwaka 1966 Dar ikapata Drive-in, sinema ya kutazamwa ukiwa garini, ambako gari moja lilibeba ukoo. Kiwanja hicho cha Msasani leo ni ubalozi wa Marekani.

Majumba yale yalipozimika, kilichorithi kazi yao ni kibanda umiza, chumba cha video cha mtaani. Wasomi wa mambo ya filamu hukipita bila kukitazama, na wazazi hukisema vibaya, wakati mwingine kwa haki. Lakini kwa mtu mwenye jero, yaani shilingi mia tano, hakuna mahali mjini panapomlipa zaidi. Ubao wa chaki mlangoni unatangaza muvi ya saa kumi na mechi ya usiku. Ndani ni mabenchi, feni moja inayojitahidi, turubai la kuzuia mwanga, televisheni kubwa na spika zinazotikisa mabati. Kiti hakina namba. Aliyewahi ndiye aliyewahi. Kiingilio hupanda kidogo siku ya mechi kubwa ya Uingereza, na siku ya Simba na Yanga hata dirishani hupati nafasi.

Kibanda umiza pia kilizaa sanaa ambayo hakuna shule iliyoifundisha. Watazamaji hawakujua Kiingereza wala Kichina, kwa hiyo akatafutwa mtu wa kuwaeleza kinachoendelea. Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, ndiye aliyeifanya kazi hiyo ikawa na jina hapa Tanzania. Kenya wanaye DJ Afro, na Kampala kuna akina VJ Jingo wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Mtafsiri wa namna hii hafungwi na maneno ya mwigizaji. Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la mtaani kwetu, bosi wa Marekani anasema maneno ya mwenye nyumba anayedai kodi, na pale mwandishi wa filamu alipochoka, mtafsiri anaongeza chumvi yake. Nimeona muvi mbovu kabisa ikiokolewa na mtafsiri mzuri. Huwezi kupata hilo kwenye simu ukiwa umelala, kwa sababu nusu ya raha ni yule wa benchi la nyuma anayemjibu mtafsiri.

Angalizo moja kwa wazazi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inazitaka filamu zikaguliwe na kupangiwa umri, na vibanda vinatakiwa kuwa na kibali. Kibanda kinachoingiza watoto wa shule saa nne asubuhi kisitetewe na mtu kwa kisingizio cha unafuu.

Kuna pia yale maduka ya kujaziwa muvi kwenye flashi. Bei yake ni ya kutupa, lakini anayeibiwa si tajiri wa Hollywood peke yake. Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania, ilipanda enzi za mwigizaji Steven Kanumba kwa mauzo ya kanda na diski, na nakala za wizi zilichangia sana kuibomoa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo. Filamu ya Mtanzania mwenzako inunue, au itazame pale alipoiweka mwenyewe bure YouTube, ambako siku hizi wengi hutoa tamthilia na vichekesho vyao.

Vya bure kihalali havikosekani. Filamu za mwanzo za Charlie Chaplin hazina tena mwenye kudai. Night of the Living Dead, ya mwaka 1968, ilipoteza hakimiliki kwa uzembe tu: msambazaji alibadilisha jina la filamu na kusahau kurudishia tangazo la haki. Ipakue mahali penye Wi-Fi, uangalie bila bando. Kwenye kioo cha simu, picha ya 360p inatosha kabisa. HD katika inchi sita ni fahari isiyoonekana.

Ukitaka kutoka, Nafasi Art Space pale Mikocheni na vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani huwa na maonyesho ya bure au ya kiingilio kidogo. Unguja kuna tamasha la filamu la ZIFF, linalofanyika tangu mwaka 1998, na makao yake yanayojulikana ni Ngome Kongwe. Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inapendeza zaidi kutazamwa huko kuliko penginepo. Hukohuko Unguja, tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari huanza kwa gwaride la mitaani ambalo halina tiketi, na sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi kila Julai ni ya kila aliyefika.

Lakini kwa siku za kawaida, njia iliyo rahisi kuliko zote ni majirani kuchanga. Projekta moja ndogo ikinunuliwa na nyumba kumi si mzigo kwa yeyote. Shuka jeupe lipo, spika haikosekani, na karanga zikikaangwa nyumbani hazifiki hata robo ya bei ya bisi za mjini. Filamu inapakuliwa mara moja, inatazamwa na hamsini. Pesa iliyookolewa itatosha tiketi ya jumba la sinema mara moja kwa miezi michache, siku ya katikati ya wiki ambayo majumba mengi hushusha bei, kwa filamu inayostahili kioo kikubwa kweli.

Ombi langu ni kwa wenyeviti wa serikali za mitaa na walimu wakuu. Kumbi za kata na madarasa makubwa ya shule hukaa yamefungwa Jumamosi usiku, umeme upo, viti vipo. Yafungulieni wakazi jioni moja kwa wiki, kwa filamu iliyokaguliwa na kiingilio cha jero cha kulipia mlinzi na usafi.