Ukubwa na Mpangilio wa Bodi ya Saketi: Maneno na Maana Zake

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo upangaji wa bodi ya saketi, yaani kile kipande bapa ambacho vijenzi vya elektroniki hupachikwa juu yake na kuunganishwa kwa shaba. Mfano wetu ni kifaa ambacho mafundi wa uraibu hupenda kukiunda wenyewe: bodi inayopachikwa juu ya bodi ya udhibiti ya Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili kuiunganisha na mtandao kwa waya. Tumeuchagua kwa kuwa kosa la neno hapa haliishii katika karatasi. Tundu likishatobolewa mahali pasipo pake, halihamishiki.

Kwanza, yafaa kutenganisha mchoro wa saketi na mpangilio wa bodi. Mchoro huonyesha kijenzi kipi kimeunganishwa na kipi. Hausemi lolote juu ya umbali baina yao. Mpangilio huonyesha mahali. Mfasiri atumiaye neno "mchoro" kwa yote mawili humfanya msomaji aamini kwamba vijenzi vilivyo jirani katika karatasi ni jirani katika bodi pia. Mathalani, kapasita ndogo za kutuliza volteji aghalabu huchorwa pamoja pembeni mwa mchoro, ilhali katika bodi kila moja hapana budi iwe karibu kabisa na mguu wa umeme wa chipu inayoihudumia. Ikiwekwa mbali, faida yake hupungua mno.

Pili, neno "ukubwa". Katika mazungumzo latosha. Katika maelezo ya kazi halitoshi. Arduino Uno, iliyotolewa mwaka 2010, ina urefu wa milimita 68.6 na upana wa milimita 53.4, na fundi atakaye bodi yake ikae juu ya hiyo huanza na vipimo hivyo. Lakini upo pia unene wa bodi, ambao kwa kawaida ni milimita 1.6, na kimo, yaani jinsi kijenzi kinavyoinuka kutoka katika uso wa bodi. Soketi ya waya wa mtandao huinuka kuliko karibu vijenzi vyote vya bodi ya aina hii, na miguu yake hutokeza upande wa chini. Ikiwa imekaa juu ya tundu la USB la bodi ya chini, miguu hiyo yaweza kugusa gamba la metali la tundu hilo na kuleta shoti. Fundi aliyepewa "ukubwa" wa pande mbili tu hawezi kuitambua hatari hiyo mapema. Kwa hiyo twapendekeza kwamba urefu, upana, unene na kimo vitajwe kila kimoja kwa jina lake.

Tatu, yako maneno ambayo tayari yana kazi nyingine. Baadhi ya waandishi huweza kuvutiwa kuuita mstari wa shaba "mkondo". Neno hilo wanafunzi wetu wamelizoea kwa maana ya umeme upitao, na sentensi "mkondo ni mpana" itawatatiza. Twapendekeza "njia ya shaba": mkondo hupita katika njia. Vivyo hivyo, tundu linalounganisha tabaka la juu na la chini lisiitwe "kipenyo", kwa kuwa kila tundu lina kipenyo chake kwa maana ya hesabu. "Tundu pitishi" linatosha. Nalo "bamba" tungelihifadhi kwa kipande chenye shaba ambacho hakijafanyiwa kazi. Kikishapata njia na matundu ndipo kiitwe bodi.

Istilahi hizi zikitengana, utaratibu wa kazi huelezeka bila taabu. Fundi huchora kwanza mpaka wa bodi, kisha huweka vile visivyo na hiari ya mahali: soketi ukingoni ili waya uingie, na safu za miguu zilingane na bodi ya chini. Hufuata chipu ya mtandao, fuwele ya mapigo karibu nayo, na kapasita. Njia za shaba huja mwisho. Zile zinazochukua ishara za mtandao hupitishwa jozi kwa jozi, fupi na zenye urefu unaolingana.

Safu hizo za miguu zina funzo kwetu sisi wa istilahi. Katika Arduino Uno, mguu hupishana na mwenziwe kwa inchi 0.1, yaani milimita 2.54, isipokuwa baina ya mguu wa 7 na wa 8, ambapo nafasi ni inchi 0.16. Bodi za kawaida za matundu yaliyolingana hazikai sawasawa hapo. Hata hivyo toleo la R4 la mwaka 2023 liliihifadhi nafasi hiyo, kwa kuwa kuibadili kungezifanya bodi nyingi zilizokwisha kuundwa zisifae. Istilahi nayo ikishaenea katika vitabu na mitihani huwa vigumu kuihamisha, hata ikionekana wazi kuwa haikukaa vyema. Ndiyo maana twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya sasa, kabla hayajachapwa katika orodha, na watuandikie pale wanapoona neno lililo bora zaidi.