Kwa nini tafi hukataa ndoana, na mbinu za kumnasa

WAVUVI wa Tiwi, Waa na Ng'ombeni katika eneo la Matuga, Kaunti ya Kwale, huifahamu vyema hali hii. Maji yametulia, samaki wanaonekana makundi kwa makundi juu ya nyasi za baharini, lakini mshipi hauguswi. Chambo hurudi kama kilivyoteremshwa, ama hurudi ndoana tupu bila mvuvi kuhisi hata mguso mmoja.

Samaki mwenye sifa hiyo zaidi ya wengine ni tafi. Yeye na pono ni miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi ndani ya miamba ya pwani ya Kenya, lakini wengi wao huingia katika malema na nyavu. Wanaokamatwa kwa mshipi ni wachache, na wapo wavuvi wanaoamini kwamba tafi hashiki ndoana kabisa.

Kwa mvuvi mwenye mtumbwi mdogo asiyeweza kuvuka mwamba na kwenda kina kirefu, jambo hili si la mzaha. Kitoweo cha nyumbani na pesa za unga hutegemea samaki walio ndani ya mwamba. Akikosa mara tatu nne mfululizo, huanza kutamani zana za mkato kama vile juya na bunduki ya kuchomea samaki, ambazo sheria imezikataza.

Hata hivyo, samaki anayekataa chambo mara nyingi hajafunga. Anakula kitu kingine, kwa wakati mwingine, au kwa namna ambayo ndoana ya mvuvi haikuzingatia. Anayetaka kumnasa sharti aanze kwa kuuchunguza mdomo wake kabla ya kununua zana mpya.

Mdomo na chakula

Tafi ni mla majani. Chakula chake kikuu ni mwani na nyasi za baharini, ambazo huzidonoa kidogo kidogo mchana kutwa akiwa katika kundi. Mdomo wake ni mdogo, na meno yake madogo yamepangika kwa kukata vipande vyembamba. Anayemtupia kipande kikubwa cha ngisi kwenye ndoana nene ni kama anayemwekea mbuzi mnofu wa nyama.

Changu ni kinyume chake. Huyu hutafuta kaa, konokono na wanyama wengine wadogo mchangani na kwenye nyasi, na taya zake zina nguvu ya kuvunja makombe. Tewa naye ni mwindaji. Hujificha katika pango la mwamba akisubiri samaki mdogo au kaa apite, kisha humeza kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo samaki watatu wanaoishi umbali wa hatua chache wao kwa wao huhitaji chambo tatu tofauti. Mvuvi anayetumia chambo kimoja kwa wote huwakosa wawili, kisha husema bahari imekauka.

Funzo la karpu

Tatizo la samaki mgumu halikuanzia Bahari ya Hindi. Nchini Uingereza, watu wanaovua kwa burudani wamehangaika kwa miaka mingi na karpu, samaki wa maji baridi ambaye siku hizi hupatikana pia katika Ziwa Naivasha. Karpu hufyonza chakula, hukipima mdomoni, na akihisi chuma hukitema mara moja.

Mnamo miaka ya 1980, wavuvi wawili Waingereza, Kevin Maddocks na Lenny Middleton, walijulikana kwa mbinu waliyoibuni ya kukitoa chambo nje ya ndoana. Chambo kilifungwa kwa unywele mfupi ulioning'inia kutoka kwenye ndoana. Karpu alipofyonza chambo kilichoelea huru, ndoana tupu iliingia pamoja nacho na kumchoma alipojaribu kukitema.

Mvuvi wa Tiwi akiiga mbinu hiyo kama ilivyo kwa tafi, atapata hasara. Tafi hafyonzi bali hudonoa. Chambo kikining'inia mbali na ndoana, atakimaliza chote bila kugusa chuma. Kwake yeye ndoana sharti iwe ndogo na ifichwe ndani ya chambo. Funzo la kuchukua kutoka kwa Waingereza hao ni kwamba walichunguza kwanza jinsi samaki anavyokula, ndipo wakatengeneza zana ya kumfaa.

Kutengeneza chambo

Chambo rahisi cha tafi ni unga wa ngano uliokandwa kwa maji kidogo hadi ukawa mgumu, au nyama ya ndani ya mkate iliyofinyangwa. Mwani mbichi uliopondwa ukichanganywa humo, donge hupata harufu na rangi ambayo samaki ameizoea. Donge lisizidi ukubwa wa punje ya mbaazi. Likiwa kubwa, tafi hulidonoa pembeni mpaka liishe.

Aidha, mwani wenyewe unaweza kuzungushwa kwenye ndoana na kufungwa kwa uzi mwembamba. Unaofaa zaidi ni ule uliotolewa mahali pale pale samaki wanapolishia.

Ili kuwakusanya samaki, vipande vidogo vya mwani au makombo ya mkate hutupwa majini kabla ya kuteremsha mshipi. Kinachotakiwa ni kidogo na mara kwa mara. Anayemwaga fungu zima kwa pamoja huwashibisha samaki kabla ndoana haijafika, na makombo yakichukuliwa na mkondo, kundi nalo huondoka kuyafuata.

Kwa changu, chambo bora ni kaa mdogo, hasa yule anayeishi ndani ya kombe la konokono, akitolewa kombeni akiwa mzima. Ngisi na pweza pia hufaa. Nyama ya pweza ina sifa ya kutong'oka upesi, hivyo samaki wadogo hawaimalizi kabla wakubwa hawajafika. Kwa tewa, kipande cha samaki mbichi mwenye damu, au samaki mdogo aliye hai, hushinda vyote.

Chambo kilicholala juani kikageuka rangi huwafukuza samaki waangalifu. Ni vyema kukihifadhi kivulini ndani ya kitambaa chenye unyevu, na kukibadilisha mara kinapopauka. Mikono iliyoshika petroli au mafuta ya taa isafishwe kwa mchanga na maji ya bahari kabla ya kugusa chambo.

Mshipi, ndoana na chubwi

Katika maji maangavu ya ndani ya mwamba, mshipi mnene huonekana kama kamba. Wavuvi wenye mishipi minene hawana haja ya kuitupa. Inatosha kufunga mwishoni kipande cha mita moja hivi cha mshipi mwembamba wa nailoni, wa unene wa milimita 0.25 au 0.30, usio na rangi. Kwa tewa hali ni nyingine. Akishanasa hukimbilia pangoni, na mshipi mwembamba hukatwa na mwamba papo hapo.

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Katika ndoana ndogo, kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyopungua, hivyo namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Zile zinazoandikwa 1/0, 2/0 na kuendelea huongezeka ukubwa pamoja na namba. Namba 10 hadi 12 hutosha mdomo wa tafi. Ndoana ya tewa huanzia kwenye zile za 1/0.

Chubwi ndilo hulaumiwa mara chache ilhali makosa yake ni mengi. Likiwa zito na limefungwa imara, samaki huhisi uzito pindi anapodonoa, akaacha. Lenye tundu la kupitisha mshipi ni bora, kwani samaki huvuta mshipi bila kulibeba. Kwa tafi, chubwi liwe dogo kabisa, na penye maji matulivu lisiwepo.

Maji na wakati

Ujuzi wa maji una thamani kuliko ndoana yoyote. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kupwa na kujaa katika pwani hii hupita mita 3, na mkondo huwa na nguvu. Maji yakianza kujaa, samaki walao nyasi husogea kwenye kina kifupi kisichofikika wakati wa kupwa. Saa za mwanzo za kujaa basi ni saa za kuwa tayari. Siku za maji mafu mkondo hulegea, maji huwa maangavu zaidi, na ndipo mshipi mwembamba unapohitajika sana.

Tafi hula mchana na kupumzika usiku, kwa hiyo kumkeshea kwa mshipi ni kujichosha. Baadhi ya jamaa za changu huendelea kula baada ya jua kuchwa, na huwafaa wavuao alfajiri na magharibi.

Msimu nao una neno. Kaskazi huleta bahari tulivu na maji safi, samaki wakaona kila kitu. Kusi huchafua maji na kuzuia vyombo vidogo kutoka, lakini ndani ya mwamba maji hayo yaliyotibuka huficha mshipi. Mvuvi asiyeweza kutoka nje wakati wa kusi anaweza kupata kitoweo karibu na ufuo kwa chambo chenye harufu kali.

Lema na mlango wa wadogo

Mwenye lema hufuata kanuni ile ile ya chakula. Mwani uliochanganywa na konokono waliopondwa huwavuta tafi na pono. Lema huwekwa kando ya nyasi au mwambani, na kufunuliwa siku inayofuata maji yanapokupwa.

Majaribio ya watafiti katika pwani ya Kenya, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba lema lililoachiwa upenyo mwembamba huwaruhusu samaki wachanga na wembamba kutoka, na wanaobaki huwa wakubwa na wenye bei nzuri zaidi. Kwa mvuvi, upenyo huo ni akiba ya mwaka ujao.

Tahadhari ya miiba

Kumnasa tafi ni nusu ya kazi. Ana miiba 13 mgongoni, 7 katika pezi la nyuma ya tumbo, na mingine katika mapezi ya tumboni, yote ikiwa na sumu iumizayo vikali. Ashikwe kwa kitambaa kinene, mkono ukitokea upande wa kichwa. Aliyechomwa atumbukize kidonda katika maji ya moto kiasi anachoweza kustahimili bila kuungua, kwani joto hupunguza nguvu ya sumu, kisha aende kituo cha afya maumivu yasipotulia.

Sheria na subira

Tangazo la serikali la mwaka 2001 lilipiga marufuku juya na bunduki za kuvulia, na uvuvi sasa husimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Sababu zake zinaonekana kwa macho. Juya huburura chini, huzoa wachanga na wakubwa pamoja, na kung'oa nyasi ambazo tafi huzitegemea kwa chakula. Mwenye kuvuta juya leo hula na mbegu ya kesho.

Mshipi hauna dhambi hiyo. Mvuvi huchagua ukubwa wa ndoana, na samaki mchanga aliyenaswa anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Anayeanza ni vyema awaone viongozi wa BMU, kundi la usimamizi wa ufuo, ili ajue mipaka ya kuvua na sehemu zilizotengwa.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa wavuvi wa Matuga, kugaagaa huko kunaweza kuanza bila gharama yoyote. Samaki wa kwanza atakayenaswa kesho apasuliwe tumbo na kutazamwa alichokula, na hicho ndicho kiwe chambo cha safari ifuatayo.