Mti wa Pippi upo kweli

Wadau, hadithi yangu ya kwanza ya watoto niliijaza theluji, mbwamwitu na majumba ya kifalme. Mpwa wangu wa miaka minane akaisoma, akaniuliza, "Mjomba, huku ni wapi?" Nikakosa jibu. Mie nimekulia Muheza, kwenye michungwa na miembe, theluji nimeiona kwenye TV tu!

Ndio nikaanza kumfuatilia Astrid Lindgren, yule mama wa Uswidi aliyeandika Pippi Långstrump. Alizaliwa mwaka 1907 kwenye shamba la Näs, jirani na mji mdogo wa Vimmerby. Shamba lilikuwa mali ya kanisa, baba yake alilikodi tu. Watoto walikuwa wanne na kazi za shamba walizifanya, lakini kazi ikiisha ni kucheza mpaka basi.

Pale Näs kuna mti mkubwa wenye shimo ndani ya shina. Kaka yake, Gunnar, aliwahi kuweka yai la kuku kwenye kiota cha bundi humo, na bundi akaliatamia mpaka kifaranga kikatoka. Kisa hicho kimo kwenye vitabu vyake vya Bullerbyn, vilivyoanza kutoka mwaka 1947. Na mti huohuo ndio uliozaa ule wa Pippi, unaoota soda ndani! Bullerbyn nayo ni Sevedstorp, nyumba tatu zilizojipanga mstari. Baba yake alikulia ile ya katikati. Kwa hiyo alirithi hata utoto wa baba.

Sasa angalia kitu kimoja. Mama huyu hakai kusifia mandhari. Mti kwake ni wa kupanda na kujificha, uzio ni wa kutembea juu yake. Nchi nzima imepimwa kwa mikono na miguu ya mtoto. Mie nilikuwa napamba tu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wanaliruka. Mwaka 1926, akiwa na miaka 18, alipata mimba nje ya ndoa, akaondoka Vimmerby kukimbia maneno ya watu. Pippi alianza kumsimulia binti yake mgonjwa mwaka 1941, wakiwa Stockholm, na kitabu kikatoka 1945. Yaani aliuandika ule mti akiwa mbali nao, mjini, na mji wenyewe wa nyumbani ulishamuumiza. Bullerbyn si Vimmerby yote. Ni ile sehemu aliyoamua kubaki nayo.

Nimeanza upya, jamani. Safari hii kuna mwembe nyuma ya jiko la bibi, una tawi lililolala, tulikuwa tunakaa watatu. Mwembe wenyewe ulishakatwa siku nyingi. Nilipomsomea mpwa wangu juzi hakuuliza ni wapi. Aliuliza lile tawi lilikuwa juu kiasi gani, na nani alianguka kwanza.

Ni mimi.