Jua Vipimo vya Kemshafti Kabla ya Kununua

Ndugu mkulima, injini ya pikapu yako ikifunguliwa gereji, huenda ukaambiwa hivi: "Kemshafti yako ni ya digrii 240. Nunua hii ya digrii 280, ina nguvu zaidi." Kabla hujatoa fedha za viazi au za maziwa, yafaa uelewe maana ya digrii hizo.

Kemshafti ni chuma kirefu chenye nundu ndogo ndogo. Inapozunguka, nundu huisukuma vali ifunguke. Nundu ikiisha kupita, springi huifunga. Kila silinda ina vali ya kuingiza hewa na petroli, na vali ya kutoa moshi. Katika injini ya mapigo manne, krankishafti huzunguka mara mbili na kemshafti mara moja tu.

Digrii huhesabiwa kwa mzunguko wa krankishafti. Mzunguko mzima ni digrii 360, na pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa digrii 180. Twaa mfano huu. Vali ya kuingiza hufunguka digrii 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Hukaa wazi digrii 180 pistoni ikishuka. Kisha hufungwa digrii 50 baada ya pistoni kupita chini kabisa. Jumlisha 10, 180 na 50, utapata 240. Huo ndio muda wa vali kukaa wazi.

Pengine utauliza: Mbona vali haifungwi mara pistoni ifikapo chini? Sababu ni kuwa hewa iendayo kasi haisimami mara moja, kama vile mkokoteni uliojaa mzigo usivyosimama ghafula mteremkoni. Injini ikizunguka upesi, hewa huendelea kuingia ingawa pistoni imeanza kupanda. Lakini injini ikizunguka polepole, hewa haina kasi hiyo, na pistoni huirudisha nje.

Hapo ndipo ilipo hasara ya digrii 280. Vali itafunguka, tuseme, digrii 30 mapema na kufungwa digrii 70 baadaye. Gari la mashindano hufaidika, kwa kuwa injini yake huzunguka upesi sana. Pikapu iliyobeba magunia, ikipanda polepole katika matope ya Kinangop, yahitaji nguvu ya kuvuta injini inapozunguka taratibu, nayo ndiyo itakayopungua. Tena, vali ya kuingiza na ya kutoa moshi zitakaa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, injini itatetemeka ikiwa imesimama, na petroli itapotea.

Uliza pia muda huo umepimwaje. Watengenezaji wengine huanza kuhesabu vali ikiinuka kidogo tu. Wengine huanza nundu ikiwa imekwisha kuinua milimita 1.27. Kemshafti ile ile yaweza kuonyesha tofauti ya digrii 40 au zaidi kwa njia hizi mbili. Usilinganishe namba zisizopimwa kwa njia moja.

Jambo la mwisho ni alama za gia. Fundi anapofunga mkanda au cheni, lazima alama ya kemshafti na ya krankishafti zikae mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha injini. Zikikosewa kwa jino moja tu, nguvu hupungua. Mkanda ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga vali na kuzipinda, na gharama yake si ndogo. Kwa hiyo badilisha mkanda kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni, usingoje uchakae.

Basi, ukihitaji kemshafti mpya, nunua yenye vipimo vile vile vya kitabu cha injini yako, na umwombe fundi akuonyeshe alama kabla hajafunika. Namba kubwa si lazima iwe nguvu kubwa. Kwa kazi ya shamba, mara nyingi ni mzigo ulioachwa njiani.