Hongo Ilipokuwa Halali
(Maneno ya Hazina, Sehemu ya Tatu)

Mei 2024, serikali ya Sudan Kusini iliufutia Umoja wa Mataifa ada mpya zilizokuwa zikitozwa malori yake ya mafuta. Ada hizo zilianza Februari, na mojawapo ilikuwa malipo ya kusindikizwa na walinzi njiani. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa zingeugharimu dola 339,000 kwa mwezi. Malori yalipokwama, ndege zikakosa mafuta, na chakula kilichokuwa kikidondoshwa kutoka angani kwa watu zaidi ya 60,000 kikasimama. Serikali ililegeza kwa mashirika ya misaada, mabalozi na walinda amani. Kwa kampuni za biashara ada zilibaki.

Wengi wameisoma habari hiyo kama habari ya njaa, na ndivyo ilivyo. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila msafara wa karne ya 19 ulilijua: huyu aliyenisimamisha njiani ananidai kwa haki gani? Kwa sababu ya swali hilo naahirisha mada ya mizani na mihuri niliyoiahidi, nianze na neno ambalo nimelifuatilia tangu ujana wangu: hongo.

Pa kuanzia ni Custom, soko na kituo cha magari cha Juba kilichorithi jina la forodha. Leo mtu akimwambia mwendesha boda ampeleke Custom, hana nia ya kulipa ushuru. Anakwenda kupanda gari, kununua viatu, kula, au kumpokea ndugu aliyetoka Kampala. Waliosoma sehemu ya kwanza wataikumbuka Forodhani ya Unguja, ambako watu hukusanyika jioni kula mishikaki mahali ambapo mizigo ilihesabiwa kwa ajili ya hazina ya Sultani. Kiswahili nacho kimejaa Custom. Kimeletwa na madereva wa malori kutoka Mombasa na Kampala, na pia na wakimbizi waliorejea kutoka Kakuma na kambi za Uganda, watu waliokuwa watoto walipoondoka na wakarudi na lugha ya pili au ya tatu.

Jina la Custom lina historia ndefu kuliko mji wenyewe. Waingereza waliyaita malipo ya bandarini kwa neno lao la desturi, yaani yale yaliyozoeleka tangu zamani na kila mtu akayajua. Katika Magna Carta ya mwaka 1215, kifungu cha 41, wafanyabiashara waliahidiwa kuingia na kutoka salama wakilipa desturi za zamani zilizo za haki, bila kubebeshwa tozo mbaya. Huo ndio msingi wake: malipo yalikuwa halali kwa sababu yalijulikana kabla mzigo haujafika. Sisi nasi tulifika hapo hapo kwa njia yetu. Neno ada tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya mazoea, na bado tunasema mila na ada. Leo mzazi akilisikia Januari anawaza shule tu. Mazoea yaligeuka malipo, nayo malipo yakapata heshima.

Hongo ilikwenda upande wa pili. Ilianza na heshima, ikaishia mahakamani.

Nakumbusha kwa kifupi tu tuliyoyaona sehemu ya pili. Kwa mkataba uliotiwa saini Muscat Septemba 1833, Sultani Seyyid Said aliwakubalia Wamarekani kulipa asilimia tano ya thamani ya bidhaa walizoshusha katika bandari zake, basi. Makusanyo yalikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na aliyejulikana kuliko wote ni Jairam Shivji, mtu wa Kutch, aliyeishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Bidhaa kubwa ya Wamarekani ilikuwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kile tulichokiita merikani. Ukifuata jora moja la merikani kutoka Forodhani, unapanda nalo jahazi hadi Bagamoyo, linafungwa mtumba, linatwikwa mpagazi, na baada ya majuma kadhaa linafika Ugogo. Huko linalipa tena. Safari hii jora halitozwi asilimia, maana lenyewe ndilo sarafu. Linatolewa kwa doti, pamoja na kaniki, shanga na nyaya za shaba, kwa mtemi mwenye nchi. Hiyo ndiyo hongo.

Wazungu waliopita wameijaza vitabu vyao malalamiko juu ya hongo ya Ugogo. Burton alilalamika mwaka 1857, na Speke naye. Stanley alilalamika mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Burton na Stanley wote wawili wamemtaja Magomba, mtemi wa Kanyenye, na yeyote anayevisoma vitabu vile bila kuitazama ramani atamwona Magomba kuwa mnyang'anyi wa njiani. Basi tuitazame ramani. Msafara uliotoka Mpwapwa ulivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake linatokana na maji yake machungu. Ulipomaliza Ugogo ulikuwa unaingia Mgunda Mkali, pori jingine la siku kadhaa lisilo na chakula cha kununua. Katikati ya makali hayo mawili palikuwa na Wagogo, wenye visima walivyovichimba kwa mikono yao katika nchi ya ukame, wenye mtama na ng'ombe. Wapagazi mia tano walipotua kwenye kisima cha kijiji, kisima kilikauka. Mtemi aliyewaruhusu alikuwa amewapa watu wa pwani maji ya watu wake.

Kwa hiyo walikaa chini wakajadiliana. Mjadala ungeweza kuchukua siku nzima, au siku tatu. Wazee wa mtemi walikuja kuhesabu mitumba kwa macho, kiongozi wa msafara akataja kiasi kidogo, wao wakataja kikubwa. Kulikuwa na fungu la mtemi, na baada yake mafungu ya wake zake na wazee wake, kila moja kwa kipimo chake. Ilichosha, nakubali. Watemi wengine walizidisha, hasa walipoona mgeni ana nguo nyingi na haraka nyingi. Lakini mambo yote yalifanyika mchana, mbele ya watu, na mpagazi wa mwisho katika msafara alijua ni doti ngapi zimetoka. Hongo ikishapokelewa, msafara ulikuwa na haki ya maji na njia. Na mtemi aliyezidisha mno alijua kuwa msafara ujao ungeweza kuchepuka, ukapita kwa jirani yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoitafsiri hongo ya wakati ule kuwa uporaji. Ilikuwa mapato ya dola ndogo. Mirambo, mtemi wa Urambo, aliielewa hivyo kuliko watu wote wa zama zake. Mwaka 1871 ugomvi wake na Waarabu wa Unyanyembe uligeuka vita, na njia ya Ujiji ikafungwa. Chini ya mambo mengi yaliyotajwa palikuwa na hili la nani mwenye haki ya kutoza na kusamehe misafara. Waarabu hao waliokuwa wakilipa asilimia kwa Forodha ya Unguja bila kunung'unika sana waliona ni ufedhuli Mnyamwezi kudai malipo katika nchi yake mwenyewe. Mpaka leo vitabu vyetu vya shule vinamsifu Mirambo kwa mikuki, na kuhusu hazina yake havisemi kitu. Nimelisema hili kwa walimu wengi wa historia na nitaendelea kulisema.

Sasa turudi kaskazini, maana Juba na Ugogo vina mtu mmoja anayeviunganisha. Ni Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyefanywa gavana wa jimbo la Ikweta na Gordon, gavana mkuu wa Sudan, mwaka 1878, chini ya serikali ya Misri. Makao yake yalikuwa Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, kaskazini kidogo ya mahali ulipo mji wa Juba leo, kabla hajarudi nyuma hadi Wadelai. Serikali ya Misri ilikuwa imekwisha kuutamani mlango wa bahari kwa ajili ya jimbo hilo. Mwaka 1875, kwa ushauri wa Gordon, Khedive Ismail alituma meli za kivita chini ya Mwingereza McKillop zikaziteka Barawa na Kismayu, bandari za Sultani Barghash wa Unguja, akitumaini pembe za Ikweta zitashuka Bahari ya Hindi badala ya kusafiri Nile yote hadi Khartoum. Waingereza waliingilia kati na Wamisri wakaondoka. Wanaodhani kwamba wazo la kuiunganisha Juba na bandari za Waswahili lilizaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki wamechelewa kwa karne moja na zaidi.

Emin alitolewa Ikweta na Stanley, akafika Bagamoyo Desemba 1889. Miezi michache baadaye alirudi bara akiwa mtumishi wa Wajerumani. Juni 1890 alikuwa Mpwapwa, na huko akakutana na Mjerumani mwenzake, Carl Peters, aliyekuwa anarudi kutoka Buganda kupitia Ugogo. Peters alikuwa amedaiwa hongo na Wagogo. Alijibu kwa bunduki, akachoma vijiji, na baadaye akayaandika hayo kwa majigambo. Sijui ukurasa mwingine katika historia ya fedha za umma za Afrika Mashariki unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi kodi ya mtu inavyogeuzwa jinai. Bendera ya Kijerumani iliposimama, haki ya watemi ya kutoza njia ilikufa. Miaka michache baadaye, mwaka 1898, serikali ile ile iliyokataa kulipa kwa ajili ya maji ilianza kuwatoza wenye visima kodi ya nyumba.

Neno lakini halikufa. Lilibaki barabarani bila mwenyewe. Aliyesimamisha watu na kudai kitu baada ya hapo hakuwa mtemi, alikuwa askari, karani, tarishi, mtu aliyekwisha kulipwa na serikali na anataka kulipwa tena. Watu walimpa kile kitu jina walilolijua. Ndivyo hongo ilivyofika ilipo leo, jirani wa rushwa, chai na kitu kidogo. Wagogo hawakuliharibu neno hilo. Liliharibika siku mwenye nchi aliponyang'anywa nchi na anayedai akaacha kuwajibika kwa chochote.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, na Juba inastahili kubwa. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, na kwa njia hiyo sehemu kubwa ya unga, mchele, sabuni na saruji vinavyouzwa Custom hupita. Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016. Kwa maneno ya Umoja wa Forodha wa mwaka 2005, mzigo unapaswa kutozwa mara moja na kisha kwenda zake. Dereva anayepita Nimule anajua hali ilivyo: baada ya mpaka kuna kizuizi, baada ya kizuizi kuna kingine, mmoja ana sare, mwingine ana karatasi, wa tatu ana kamba tu iliyofungwa mtini. Mwanzoni mwa 2021 madereva waliuawa kwenye barabara za kuingia Juba, wenzao wakagoma na kuegesha malori upande wa Uganda. Nawaomba wasomaji waitafakari ada ya kusindikizwa kwa kuikumbuka miezi ile. Magomba alipokea doti akatoa maji. Hapa dereva alilipa, na usalama haukutolewa.

Mapato ya mafuta, ambayo ndiyo karibu hazina yote ya Juba, yaliyumba baada ya bomba lipitalo Sudan kupasuka mwaka 2024 katikati ya vita, na serikali yenye njaa hutazama barabara. Naelewa. Juni 2024 mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania walisoma bajeti zao, na hakuna hata mmoja aliyesema amepata fedha za kumtosha. Ninachodai ni kile nilichokidai katika safu hii tangu sehemu ya kwanza. Kila mahali pa kutoza, kuanzia Nimule hadi Custom, pawekwe ubao wenye kiasi, jina la sheria na jina la ofisi, kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Kila malipo yapewe stakabadhi yenye namba. Na Mamlaka ya Mapato ya Sudan Kusini itangaze kila mwezi kilichopokelewa katika kila kizuizi, ili mama anayeuza unga Custom aweze kuhesabu ni kiasi gani cha bei yake kilifika hazina na kiasi gani kilibaki kwenye kamba.

Hata kabla ya serikali kukubali, vyama vya madereva na wafanyabiashara vinaweza kuanza vyenyewe: daftari moja kwa kila lori, lenye mahali, tarehe, kiasi na kama karatasi ilitolewa. Misafara ya zamani iliweka hesabu kama hizo, na ndiyo sababu leo tunaweza kujua doti ngapi zilibaki Kanyenye.

Wiki ijayo: mizani na mihuri, kama nilivyoahidi.