Mbilimbili Katika Baridi Kali

Ukishuka kusini kwa bahari kutoka Kismayu, unapita Koyama, Chovai na Chula, visiwa vya Wabajuni, kisha Ras Kamboni na Lamu, hata ufike Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapo Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco, chuma chenye miguu ndani ya maji. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka hapo ikiwa na setilaiti iliyoitwa Uhuru. Ikazunguka dunia karibu sambamba na ikweta, mstari unaokata pwani kaskazini kidogo ya Kismayu.

Kazi yake ilikuwa kutazama mbingu kwa eksirei. Mwaka 1971 ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapiga mfano wa mshipa, pigo moja kila sekunde 4.8. Kilikuwa nyota ya nyutroni: uzito unaozidi wa jua, umebanwa katika tufe la kilomita ishirini na kitu. Ndani ya nyota kama hizo, wanafizikia wanasema, nyutroni hutiririka bila mnato wowote.

Nani atateremka huko kupima? Hakuna. Ila jambo la namna hiyohiyo linatengenezwa maabara, ndani ya gesi nyembamba kuliko hewa tunayovuta.

Nyutroni ni za ukoo wa fermioni, pamoja na elektroni na atomi za lithiamu-6 na potasiamu-40. Ukoo huu una ubishi: fermioni mbili zilizo sawa kwa kila kitu haziwezi kushiriki hali moja. Ndugu zao, bosoni, hujumuika bila taabu. Kwa hiyo fermioni hazitiririki kwa umoja mpaka kwanza zishikane mbilimbili, kwa kuwa jozi ya fermioni huenenda kama bosoni moja. Bardeen, Cooper na Schrieffer walilieleza hilo mwaka 1957 kwa elektroni za metali zinazopitisha umeme bila ukinzani.

Kulifanya kwa atomi za gesi kulichukua miongo. Gesi hunaswa kwa leza na sumaku, kisha hupozwa kwa njia ileile inayopoza maji ya mtungi: chembe zenye joto zaidi huachwa zitoroke, zilizobaki hugongana na kugawana joto lililosalia. Tatizo ni kwamba katika baridi hiyo fermioni zinazofanana hazigongani kabisa, na upoaji hukwama. Deborah Jin na mwanafunzi wake Brian DeMarco, huko Boulder, Colorado, walichanganya atomi za potasiamu zilizo katika hali mbili tofauti, zikapata wa kugongana naye. Hiyo ilikuwa 1999. Mapema 2004 kundi la Jin likatangaza kwamba jozi zenyewe zimejumuika.

Lakini je, zilitiririka? Jibu lilitoka kwa Wolfgang Ketterle, Martin Zwierlein na wenzao wa MIT mwaka 2005. Walikoroga wingu la lithiamu-6 kwa leza. Giligili isiyo na mnato haizunguki yote kwa pamoja; hujigawa katika visulisuli vidogo vilivyo sawa, na picha yao ilivionyesha vimejipanga kwa safu. Ni vigumu kutaka ushahidi mzuri kuliko huo.

Visulisuli hivyo ndivyo vinavyotumiwa kueleza kioja cha nyota ya nyutroni iitwayo Vela, ambayo mwaka 1969 ilionekana ikiongeza kasi ya kujizungusha ghafla badala ya kuendelea kupungua: vinapochomoka ndani yake, ganda hupata msukumo.

Maabara ina faida moja ambayo nyota haina. Kwa kubadili nguvu ya sumaku, mtafiti huamua atomi zivutane kiasi gani, na karibu na gausi 832 mvuto wa lithiamu-6 hufikia kilele. Nyutroni kwa maumbile yake ziko karibu na hali hiyo, ndiyo maana vipimo vya gesi hutumika kuhakiki mahesabu ya nyota. Kundi la Zwierlein lilipima mwaka 2012 kwamba kujumuika huanza penye takriban 0.17 ya kipimo cha joto kiitwacho halijoto ya Fermi. Kwa gesi, hiyo ni baridi isiyosemeka. Kwa msongamano wa elektroni za metali, uwiano huohuo ungekuwa maelfu ya digrii.