Mama Asiyeweza Kula Mkate

Asubuhi na mapema mitaa ya Nyasubi, mjini Kahama, hunukia maandazi na chapati. Zamani chai ilinywewa kwa viazi vitamu au kiporo. Siku hizi mji umekua kwa dhahabu na biashara, na ngano imeingia karibu kila nyumba. Kwa wengi wetu ni neema, lakini kwa mama wachache ni chanzo cha mateso ya miaka mingi.

Mfikirie mama wa namna hiyo. Anaamka akiwa amechoka. Viganja vyake vimepauka, moyo unamwenda mbio, nywele zinakatika, na anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea. Anatamani kutafuna udongo. Tumbo hujaa gesi na huharisha mara kwa mara. Alipewa vidonge vya madini ya chuma. Damu ikapanda kidogo, kisha ikashuka tena. Mawifi wanasema ni mvivu. Jirani ananong'ona kuwa amelogwa.

Magonjwa yanayoandamana

Huenda mama huyu ana ugonjwa uitwao siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Kwa mwenye siliaki, gluteni huufanya mwili ujishambulie wenyewe, na utumbo mwembamba unaofyonza chakula huharibika. Madini ya chuma hufyonzwa hasa mwanzoni mwa utumbo huo. Ndiyo maana vidonge vinamezwa lakini damu haiongezeki.

Wenye siliaki pia hupatwa zaidi na ugonjwa wa tezi ya shingo, yaani thairoidi. Tezi hiyo ikilegea huleta uchovu, baridi na hedhi nzito, nayo hedhi nzito huzidi kumaliza damu.

Daktari Mholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba watoto wenye siliaki hupata nafuu ngano ikiondolewa.

Usikisie, kapimwe

Hata hivyo, dada mpendwa, usikimbilie kujihukumu. Huku kwetu damu hupungua mara nyingi zaidi kwa sababu ya malaria, safura, uzazi wa karibu karibu na lishe duni. Hayo yapimwe kwanza. Damu isipopanda baada ya matibabu, mwulize daktari juu ya vipimo vya siliaki na thairoidi, hata kama itakubidi kwenda hospitali ya rufaa. Usiache ngano kabla ya kupimwa, maana ugonjwa unaweza usionekane.

Ukiandikiwa dawa ya tezi, levothairoksini, imeze kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya chuma vimeze saa 4 baadaye, kwa kuwa vikikutana tumboni huizuia dawa ya tezi kufanya kazi. Usivimeze na chai, chungwa husaidia.

Jikoni mwetu

Siliaki haina kidonge. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Hapo Mungu ametubariki: ugali wa mahindi, mtama, uwele au muhogo, wali, michembe na matobolwa havina gluteni kwa asili yake. Ongeza maini, dagaa, maharage na mchicha uliokamuliwa ndimu.

Lakini angalia: mashine iliyosaga ngano hubakiza unga wake, mafuta yaliyokaanga maandazi yasikaange mihogo ya mgonjwa, na unga wa lishe wa kununua uulizie una nini ndani.

Meza ya Bwana

Linaloumiza kuliko chapati ni Ushirika Mtakatifu. Kwa Wakatoliki hostia lazima iwe ya ngano, ila barua ya Vatikano ya mwaka 2003 inaruhusu yenye gluteni kidogo sana, au kupokea kikombe peke yake. Kikombe hicho kisiwe kimetiwa kipande cha hostia. Katika makanisa mengine, mwone mchungaji mapema, wala usione haya.

Tumkumbuke yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga. Alipoponywa alisimama mbele ya watu akaeleza yote. Nasi tuwaeleze waume zetu na mawifi zetu ukweli, na tumwonapo mwenzetu aliyepauka, tumsindikize hospitali kabla ya kumwita mvivu.